Gari Halicheui

Mpaka leo mtu akilitaja neno "kucheua" mbele yangu, damu inanichemka. Ni neno zuri, na utotoni nililipenda. Kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, ng'ombe akilala akaanza kucheua, nyumba nzima inatulia: mnyama ameshiba, hana homa, kesho maziwa yatakuwepo. Baba yangu aliweza kukatiza hata sala ya jioni ili asikilize. Mume wangu alilichukua neno hilo akalipachika kwenye injini ya gari, na kwa karibu majira mazima ya baridi nikawa nampakia binti yangu kwenye kitu kilichokuwa kinamtia sumu, huku nikiambiwa nitulie, kinacheua.

Tulikuwa tunaishi Louisville. Mume wangu alifanya kazi ghalani, karibu na uwanja wa ndege, akipakia vifurushi, na asubuhi wenzake walikuja kumchukua. Mimi nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba iliyo upande wa pili wa mji, mahali ambapo basi linafika likijisikia. Tulihitaji gari. Basi kaka yake mkubwa, aliyetangulia kufika Marekani na kukaa Gahanna, kule Columbus, akanunua gari jipya la watu wengi, akatuita kiangazi kimoja tuje tuchukue lile lake la zamani. Hakutuuzia. Alitupa, na alitupa kama mtu anavyotoa ng'ombe.

Asiyetoka kwetu hatajua hilo lina uzito gani. Ng'ombe wa kupewa si mnyama tu, ni undugu uliosimama kwa miguu minne. Anayetoa anashika fimbo, anasimama mbele ya watu, anamsifu mnyama wake sifa moja baada ya nyingine. Anayepokea anazikariri moyoni, na siku ya kwanza ukoo ukikusanyika tena, yeye ndiye anayesimama kuzirudia zote na kushukuru. Kati ya siku hizo mbili huruhusiwi kumsema vibaya ng'ombe yule, wala kumpeleka kwa mtu mwingine amchunguze, kwa sababu ni kama kusema mtoaji alikupa mzoga. Sasa weka gari mahali pa ng'ombe. Ndivyo walivyofanya wanaume wale pale Gahanna, nje ya gereji ya shemeji, fimbo mkononi, na vicheko vikubwa. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na mke wa shemeji tukikaanga sambusa. Nilisikia makofi tu kupitia dirishani, maneno yenyewe sikuyasikia.

Nilichokiona ni kimoja. Tulipoingia garini kuondoka, kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimeshushwa upana wa vidole, na kiti cha chini yake kilikuwa kimelowa mvua. "Wamesahau dirisha," mume wangu akasema, akalipandisha. Nikatandika taulo, nikamkalisha mtoto juu yake, tukarudi Louisville tukiimba nyimbo za kanisani.

Kiangazi kikapita salama. Mlio ulianza baridi ilipoingia. Asubuhi nikiwasha gari lilikuwa linatulia kidogo, lakini nikikanyaga mafuta tu, linaanza: ta-ta-ta-ta. Nikizidi kukanyaga, nalo linazidi, haraka haraka, kama kuku anadonoa bati. Nikiachia, linapungua. Baada ya mwendo mrefu, injini ikishapata moto, mlio unafifia mpaka karibu haupo. Ndiyo maana mume wangu aliusikia mara chache sana. Yeye alipanda lile gari Jumapili tu, nikiwa nimeshaliendesha kwenda na kurudi dukani kununua vitu vya chakula cha mchana.

Nilimwambia. Akatoka nje na viatu vya ndani, akasimama mbele ya boneti mikono kiunoni, akasikiliza.

"Bon," akasema. "Iko inacheua tu."

"Inacheua?"

"Ng'ombe akicheua ni muzima, mama. Ile ni gari ya mukubwa wangu. Haiwezi kuwa na shida."

Alikuwa anajifurahisha, na walioambiwa walicheka. Wiki ile ile neno likaenea kanisani. Watu waliniuliza, "Mama, ng'ombe yenu anaendelea kucheua?" Nami nilicheka nao, meno nje, moyoni nimenuna. Mume wangu alikulia kwenye kambi ya wakimbizi. Ng'ombe anamjua kwa maneno, kwa picha za simu, kwa hotuba za harusi. Mimi ndiye niliyekanyaga mavi yao asubuhi ya umande. Nilijua mnyama anayecheua na mnyama anayehema vibaya hawalii sauti moja. Lakini nani angenisikiliza?

Nilipozidi kusumbua, alimpigia simu kaka yake. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikayasikia mazungumzo yote.

"Mafuta iko?" shemeji akauliza.

"Iko, mukubwa, nilijaza jana."

"Sawa, donc basi hakuna shida."

Mmoja alikuwa anazungumzia mafuta ya injini, mwingine mafuta ya kituoni, na wote wawili wakakata simu wameridhika. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote, hata kwa yale ya kukaangia na yale mchungaji anayokupaka kwenye paji la uso. Nilichukua kitambaa cha jikoni nikaenda mwenyewe, nikachomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Mafuta ya injini yalikuwepo, safi, hadi kwenye alama ya juu. Kwa hiyo si mafuta. Ndugu mmoja wa kanisani akatubadilishia plagi, kwa siri, maana mume wangu alimwapisha asimwambie mtu. Mlio ukabaki pale pale. Kwa hiyo si plagi pia. Hapo uchunguzi ukafungwa rasmi na kila mtu akarudi kwenye kucheua.

Binti yangu alikuwa ndiyo ameanza shule. Kila asubuhi utaratibu wetu ulikuwa mmoja: namfunga mkanda kiti cha nyuma, nawasha gari, nafungulia joto, nasubiri barafu iyeyuke kwenye kioo. Kisha tunaondoka. Tukifika shuleni analia kichwa. Mara nyingine anatapika kwenye theluji kabla hatujafika mlangoni. Muuguzi wa shule akawa ananipigia simu kazini. Daktari akasema ni virusi vya shuleni. Kina mama wa kanisa wakasema ni chakula cha kizungu. Mchungaji akaja akamwombea, akampaka yale mafuta mengine. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga, lakini mtu anayenyanyua wazee kutwa nzima haulizi kwa nini kichwa kinamgonga.

Kitu kimoja kilikuwa hakikai sawa. Siku za theluji nyingi, shule zikifungwa, mtoto aliamka mzima, akacheza mzima, akalala mzima. Nilimwambia mume wangu.

"Donc hapendi shule," akasema. "Nani anapenda shule?"

Baridi ilipokuwa bado imeshika, mdogo wake wa kike akapata mchumba kule Buffalo, na siku ya mahari ikapangwa. Ukoo wote ungekusanyika. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mume wangu kusimama na kushukuru kwa gari. Alijiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Alizirudia sifa zile akioga, akinyoa ndevu, nami kila nikiingia ananyamaza, maana sifa za ng'ombe ni mambo ya wanaume na hupaswi kuzimwaga kabla ya siku yake.

Tukaondoka Louisville asubuhi, tukalala Gahanna kwa shemeji. Kesho yake wakati wa kuondoka nikapiga moyo konde. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Shemeji," nikasema, "hii gari inapiga kelele nikikanyaga. Na mutoto anaumwa kichwa kila siku."

Mume wangu aligeuka akanitazama kana kwamba nimevua nguo. Mke wa shemeji akainamisha macho kwenye theluji. Shemeji akacheka kidogo.

"Muko munasema inacheua, sindiyo? Nilisikia hata huku. Ni neno muzuri ile."

Kisha akafanya jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Akaja hadi mlango wa nyuma, akaufungua, akambusu mtoto, akabonyeza kitufe, kioo kikashuka upana wa vidole. Theluji ikaanza kuingia.

"Shemeji, kwa baridi hii?"

"Hewa ni muzuri kwa mutoto," akasema, akafunga mlango.

Hatukufika hata barabara kuu mtoto akabonyeza kitufe chake, kioo kikapanda. "I'm cold," akasema. Baba yake akamsifu kwa kujifungia dirisha mwenyewe.

Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Tulipita Cleveland, tukafuata barabara inayokwenda kando ya ziwa, theluji ikiruka kutoka majini hadi hatukuona kitu zaidi ya taa za lori la mbele yetu. Joto lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho. Magari yalisimama na kwenda, yakasimama na kwenda, na kila akikanyaga nilisikia ta-ta-ta chini ya miguu yangu. Kichwa kikawa kizito. Mume wangu naye akaanza kujikuna paji la uso na kulalamikia macho. Nikageuka nyuma. Mtoto amelala, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi.

Nikamwita. Hakujibu. Nikamgusa goti, nikalitikisa. Mguu ulitikisika, ukaanguka.

Kazini kwangu tuliwahi kukalishwa darasani siku nzima kufundishwa juu ya moto na hewa. Mwalimu alituambia kuna moshi usio na harufu wala rangi, unaotoka kwenye kitu chochote kinachochoma mafuta, na anayeuvuta huumwa kichwa, hutapika, halafu hulala usingizi unaoonekana mtamu. Akatuonyesha picha ya mzungu mwenye mashavu mekundu. "Mkiona hivi, mtajua." Mashavu yetu sisi yatakuwaje, hakutuambia, na sikuwa nimeuliza. Pale njiani, nikiangalia uso mweusi wa mwanangu usionipa alama yoyote, maneno ya yule mwalimu yalinirudia yote kwa mkupuo.

Nilifungua vioo vyote vinne. Theluji ikaingia kama imetupwa kwa koleo.

"Una wazimu?" mume wangu akapiga kelele.

"Simama! Simamisha hii gari!"

"Hapa? Katikati ya barabara?"

"Simama ama niruke!"

Akasimama pembeni, malori yakipiga honi. Nilimtoa mtoto, nikamweka kifuani ndani ya koti langu, uso wake nje kwenye upepo. Nilimpiga mashavu. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, la shule, la ubatizo. Sikumbuki ni muda gani. Nakumbuka kwamba alitapika shingoni kwangu, kitu cha moto, na kwamba sijawahi kupata zawadi iliyonifurahisha kuliko ile.

Tuliingia Buffalo vioo vikiwa wazi, sote tumeganda, moja kwa moja hospitalini. Walimvalisha barakoa ya hewa, wakampima damu, na daktari akaja akauliza kama nyumbani tuna jiko la gesi lililoharibika. Nikamwambia, si nyumba, ni gari, linalia nikikanyaga. Hakucheka. Alisema hiyo damu ya mtoto ina sumu ya moshi, na kwamba asirudi ndani ya gari hilo mpaka tujue moshi unaingilia wapi. Mtu wa kwanza kuuchukulia mlio ule kama mlio alikuwa mgeni mwenye koti jeupe aliyekuwa na haraka ya kwenda chumba kingine.

Mume wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mikononi. Nilidhani sasa atasema kitu.

"Ni hii barabara," akasema. "Chumvi na theluji. Imeharibikia njiani."

Kama ningemjibu, walinzi wangetutoa nje.

Tulifikia kwa dada yangu, kwenye mtaa wa Riverside, nyumba ndogo ya mbao karibu na mto. Asubuhi, mtoto akiwa ndani na shangazi zake wa kanisani wakimlisha uji, nilishuka chini kwenye stoo ya dada nikatafuta mpira wa kumwagilia bustani. Nikakata kipande kirefu kama mkono wangu. Wauguzi kazini wanasikiliza vifua vya wazee kwa mpira, kwa nini mimi nisisikilize injini? Gari lilikuwa limelala nje, la baridi kabisa, na hiyo ndiyo hali niliyoitaka, maana lilikuwa linaumwa likiwa la baridi na kujifanya zima likipata moto.

"Ingia," nikamwambia mume wangu. "Washa. Nikisema kanyaga, kanyaga kidogo."

"Watu watatuona."

"Waone."

Nikaweka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya injini. Akakanyaga. Juu, kwenye kifuniko, palikuwa na mvumo tu, sawasawa, hakuna kinachogonga. Nikausogeza kwenye mikanda. Hakuna. Nikainama nikaupitisha nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na miguu ya abiria, pale mabomba ya moshi yanapotokea kwenye chuma. Sikio langu likapigwa. TA-TA-TA-TA, na pamoja na mlio, pumzi ya moto ikapita ndani ya mpira mpaka sikioni. Haikuwa chuma kinachogonga chuma. Ilikuwa hewa inayochupa mahali ambapo haikupaswa kutokea, mara moja kwa kila mpigo, na ukikanyaga ndiyo inasukumwa kwa nguvu zaidi.

Nikachukua karatasi ya jikoni, nikaifunga kwenye kijiti, nikaishusha pale. Ikaanza kupepea. Nikamwita mume wangu atoke aone. Akaona karatasi inacheza. Akaona masizi meusi yaliyochora ulimi kwenye chuma, kuanzia kwenye kiungo cha bomba kwenda juu. Nikamwonyesha, chini ya kioo cha mbele, matundu yanayovuta hewa ya kupasha joto ndani. Kati ya masizi na matundu pangetosha mikono miwili. Moshi ulikuwa unatoka pale, unapanda, unavutwa, unaletwa kwa mwanangu umepashwa moto vizuri.

"Donc," akasema polepole, "haicheui."

"Gari haicheui! Gari haina tumbo! Inapumua, na inapumulia ndani ya mutoto wako!"

Jirani wa ng'ambo alitoka na koleo la theluji akatutazama. Nikamtazama pia mpaka akarudi ndani.

Gereji tuliyoipata ilikuwa Amherst, nje kidogo ya Buffalo, na tulilipeleka gari sisi wawili tu, vioo wazi, mablanketi magotini. Fundi akalipandisha, akaondoa bati la kukinga joto, akatuita tuje chini. Boliti mbili zinazolibana bomba la moshi kwenye injini zilikuwa zimekatika kwa kutu, na gasketi iliyo katikati imeungua kipande kizima. Kutu ile ilikuwa ya miaka, alisema. Kisha akachokonoa na bisibisi, kikamdondokea kitu cha kijivu, kigumu, mkononi. Akakigeuza geuza.

"Kuna mtu alishajaribu kuziba," akasema. Ilikuwa gundi ya kuzibia, ya mkebe, iliyopakwa kwa kidole. Alama za kidole zilikuwa bado zinaonekana.

Nilimtazama mume wangu. Alijua ninachotaka kusema.

"Gari ilikuwa na mwenyewe mwingine mbele ya mukubwa," akasema haraka. "Ni ule."

"Na mukubwa wako hakuwa na masikio?"

"Mama, usimuguse mukubwa wangu."

Fundi alitoboa mabaki ya boliti, akatengeneza njia zake upya, akasawazisha chuma, akaweka gasketi mpya na boliti mpya. Alipowasha, nilimwambia akanyage. Hakuna ta-ta. Nilikataa kuamini. Nililiacha lilale nje kwenye baridi, na asubuhi ya Jumamosi nikaenda na mpira wangu kabla ya mtu kunywa chai, nikasikiliza tena. Palikuwa kimya. Ningepaswa kufurahi, lakini ukimya ule ulinizidishia hasira, kwa sababu ulionyesha jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ndogo.

Shughuli ya mahari ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Wanaume upande mmoja, kofia na fimbo. Wanawake upande mwingine, na mishanana, zile nguo zetu za sherehe zinazofungwa begani, na soda. Mtoto alikuwa magotini pangu, mwembamba, anakula andazi. Mke wa shemeji alikaa karibu nami na hakuniuliza habari za hospitali, ingawa ukumbi wote ulikuwa umezijua. Ng'ombe wa mahari wakatolewa kwa mdomo, wakasifiwa, watu wakapiga makofi. Kisha wakamwita mume wangu ashukuru kwa ng'ombe wake wa magurudumu.

Nilimwomba asubuhi asisimame. Akasimama. Akaweka fimbo mabegani, akaanza. Lazima niseme ukweli, alikuwa na sauti nzuri.

"Mukubwa wangu alinipa ng'ombe! Alisema, hii haikatai kilima!"

Watu wakaitikia.

"Alisema, hii haiogopi baridi! Alisema, hii hainywi sana!"

Wakaitikia tena, wanacheka.

"Alisema, usiifungie dirisha ya nyuma, inapenda upepo ya mulima..."

Akanyamaza. Watu walisubiri, wakadhani amesahau. Hakuwa amesahau. Nilimwona akiisikia sentensi ile kwa mara ya kwanza, kutoka kinywani mwake mwenyewe, baada ya kuibeba tangu kiangazi. Nami nilikuwa ndiyo kwanza naisikia. Binti wa mfugaji hahitaji kufafanuliwa. Wazee wetu hawatoi ng'ombe mwenye ila bila kusema. Ila huwa wanaificha ndani ya sifa, na anayepokea anatakiwa kuisikia. Baba yangu aliwahi kupewa ng'ombe "anayependa kusalimia wageni", na siku hiyo hiyo akamkata pembe.

Mume wangu akashusha fimbo. Akamgeukia kaka yake.

"Mukubwa. Ulijua."

Shemeji hakuinuka. "Nilikuambia," akasema. "Mbele ya watu nilikuambia. Kama hausikii luga ya ng'ombe, ni kosa yangu?"

Na hapo, kando yangu, mke wake akasema chini chini, kwenye kitenge chake, "Sisi tulikuwa tunafungua dirisha. Siku zote tulikuwa tunafungua."

Mwanamke hasimami wakati wa sifa za ng'ombe. Nilisimama, mtoto mkononi, andazi na vyote.

"Shemeji," nikasema, na sauti yangu ilifika hadi jikoni. "Moshi inaingia. Ni maneno mawili. Ulikuwa na kiangazi, ulikuwa na simu, juzi ulikuwa umesimama na chai mukononi. Ukashusha dirisha, ukamubusu. Maneno mawili yalikushinda?"

Mzee mmoja alianza kukohoa ili aanzishe wimbo, wimbo haukuanza. Mume wangu alivuka ukumbi, akaja upande wa wanawake mbele ya watu wote, akamchukua mtoto kwangu, tukatoka.

Tulirudi Louisville bila kusimama Columbus. Tulipoipita mume wangu alikuwa anaangalia mbele, machozi yanamtoka, na sikumfariji. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kabisa, halitoi mlio wowote. Mtoto alikuwa amelala nyuma, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi.

Nikamwita. Akafungua jicho moja.

"What?" akasema kwa ukali.

Nikamwacha alale. Kabla ya daraja la Cincinnati nikamwita tena.

"What, Mama!" Safari hii alipiga teke kiti changu, amekasirika kweli kweli.

Niliendelea kumwita mpaka nyumbani.